Mabingobingo ya Siti

Jumatatu, 5 Septemba 1988

Mvua ya kwanza ya vuli imeanza tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na kelele, na mimi nimekaa mlangoni nikimwaza ng'ombe. Sina ng'ombe. Ndiyo maana namwaza vizuri kuliko wenye nao: namwona akitoka kwenye ukungu kule rweya, kwenye mbuga yetu ya majani, mwekundu, mzito wa tumbo, anakuja moja kwa moja kwangu kama mgeni aliyealikwa.

Mama mkwe wangu Bernadina, ambaye humu ndani sote tunamwita Mae, amepita na kuni akasema, "Petronila, chungu kinaungua." Kweli kilikuwa kinaungua.

Jumatano, 7 Septemba

Maige amekuja. Ni bwana mifugo wetu, Msukuma wa Shinyanga, mrefu, mpole, mtu anayesalimia ng'ombe kabla ya mwenye ng'ombe. Amefunga gunia la mbolea ya fosfati nyuma ya pikipiki. Ni chembe za kijivu, ukizishika zinakwaruza kama changarawe.

"Mama Benigna," amesema, "rweya yenu hii ina njaa. Majani yake yanajaza tumbo tu, hayajengi mfupa. Kwetu nimeona ng'ombe wakitafuna mifupa mikavu porini kwa kukosa kitu hiki hiki."

Mpango ni huu. Nitalima kipande pembeni ya kibanja, shamba letu la migomba, upande wa rweya, nipande safu kumi na mbili za mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia. Safu sita nizitilie mbolea, kizibo kimoja cha soda kila shimo. Sita nisizipe kitu. Mwezi wa kumi na mbili wakubwa wa mradi wa kugawa mitamba watakuja na wanakijiji wote waone tofauti kwa macho yao. Tofauti ikionekana, mbolea italetwa hapa kijijini Kishanda, na mtamba wa kwanza mwenye mimba atafungwa kwangu. Isipoonekana, lori la mitamba litatupita liende kwa wengine.

Shemeji yangu Pastory alikuwepo, akacheka mpaka akashika nguzo. "Shemeji, mbolea kwa majani? Kesho utayamenyea na ndizi." Namwelewa. Sisi Wahaya tangu na tangu kila kizuri tunakitoa rweya na kukileta kibanjani: majani ya kutandaza, samadi, hata majivu. Nani aliwahi kuipelekea rweya zawadi?

Mae alisikiliza yote huku akitafuna kahawa. Akauliza neno moja tu: "Na hizo sita nyingine zimekosa nini?" Maige alidhani ni utani.

Jumamosi, 10 Septemba

Tumepanda. Mimi nachimba, Mae analaza pingili, Benigna wangu wa miaka tisa anapima mbolea kwa kizibo, Kamugisha wa miaka sita anahesabu mashimo na kukosea. Siti nilimwambia akae mbali asije akatuvurugia safu. Jioni nimeona ameokota pingili zilizobaki, amezipanda safu yake mwenyewe nje ya mtaro wa shamba, kwenye rweya tupu. Zimeinama kama walevi wanaotoka kwenye pombe ya rubisi. Acha acheze.

Niandike basi habari ya Siti, maana siku moja Benigna atasoma hapa na mimi huenda nisiwepo wa kumweleza. Baba yako Protase, mwanangu, alikwenda vitani mwaka sabini na nane, akarudi na koti la jeshi na miguu isiyotulia. Akaanza kubeba samaki kwa lori, na huko visiwani walikotoka samaki akawa na mwanamke. Mwaka jana baba yako alikufa kwa kukonda kule tunakokuita Slimu. Mwanamke akamfuata. Mwezi wa saba mwaka huu mchuuzi mmoja, Hamidi, akaniletea mtoto wa miaka saba mwenye macho ya Protase yaleyale, akasema, "Huyu ni wa kwenu," akawahi mtumbwi wake.

Sijampiga hata siku moja. Anakula. Anakula kinachobaki, na wala sioni nimekosa nini. Nani alisema nianze kumpakulia yeye?

Jumanne, 13 Septemba

Mvua. Hakuna habari.

Jumapili, 18 Septemba

Kanisani nimesinzia katikati ya mahubiri. Nikaota ng'ombe amepiga magoti karibu na altare na padri hamfukuzi. Benigna akanifinya.

Jumatatu, 26 Septemba

Pingili zimechipua, zote kumi na mbili, macho mekundu madogo. Nimekaa nazo mpaka jua likanichoma.

Kila asubuhi kabla ya kunawa nazungusha vidole vyangu kwenye kifundo cha mkono. Kidole gumba na cha kati vinakutana. Mwaka jana havikukutana, au sikumbuki vizuri? Sijapimwa na sitaki. Lakini mimi si mjinga, nililala kitanda kimoja na Protase. Kwa hiyo simtaki ng'ombe kwa ajili ya fahari. Namtaka awe amesimama hapa anatoa maziwa siku ambayo mimi sitasimama. Mae ni mzee. Ng'ombe hazeeki haraka hivyo. Nikifika hapo katika kuwaza, moyo unatulia, naona wanangu wawili wana midomo myeupe ya maziwa, na mimi niko mahali fulani juu kidogo, nawatazama.

Wawili, nimeandika. Basi.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mvua na jua pamoja. Mae analivaa koti la jeshi la Protase akienda shamba, linamfika kwenye visigino. Nimemwambia linatisha watu. Amesema linamkinga umande.

Jumatano, 12 Oktoba

Gunia la mbolea limepungua! Maige aliniachia ya kutia tena msimu ujao, nikaifunga kwa kamba ya mgomba na kuiweka darini juu ya jiko. Leo nimeinua, jepesi. Nani humu anahitaji mbolea ila mwenye mibuni inayonyauka? Nimekwenda kwa Pastory nikamkuta chini ya mibuni yake.

"Shemeji, rudisha mbolea yangu."

"Mbolea gani?"

"Ile uliyoicheka!"

Aliinuka. "Petronila, niite mlevi nitaitika. Niite mwizi wa kaka yangu marehemu?" Akaingia ndani akafunga mlango. Mchana, kwa Mhaya, kumfungia mlango ndugu aliyesimama uani ni tusi. Nimerudi na hasira zangu. Wezi wote huumia wakiitwa wezi.

Jumapili, 23 Oktoba

Majani yamefika kiunoni. Upepo wa ziwani ukiyapitia yanasema kitu kimoja kirefu, ssss, kama mama anayemnyamazisha mtoto. Nimejilaza kati ya safu nikasahau kupika. Mae amepika. Nilipoingia nilikuta Siti amekaa katikati ya wenzake kwenye mkeka, si pale mlangoni anapokaa siku zote. Nimemwangalia Mae, Mae ameangalia chungu.

Jumatano, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Tumepalilia kaburi la Protase kibanjani. Siti ameng'oa magugu upande wa miguu bila kuambiwa.

Jumanne, 8 Novemba

Kuna jambo silielewi. Leo nimesimama kwenye kichuguu nikatazama safu zangu zote. Ningeondoa vile vijiti vyenye kitambaa chekundu vya kuonyesha safu zenye mbolea, nisingejua ipi ni ipi. Zote kijani, zote kifuani. Labda Benigna alichanganya. Labda Kamugisha. Labda ardhi hii haitaki mbolea, na Maige amedanganywa huko shuleni kwao.

Ijumaa, 18 Novemba

Nitaandika yote.

Nilitoka alfajiri kuchota maji. Ukungu ulikuwa umelala juu ya rweya, mnene kiasi kwamba mtu anaonekana kuanzia mabegani tu. Kule kwenye mabingobingo yangu nikaliona koti la Protase linatembea. Linakwenda hatua, linainama, linainuka, linakwenda hatua. Sikuogopa. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka sasa. Nilifikiri: amerudi, na nina maneno yangu naye. Nikaweka ndoo chini nikamwendea nikiwa nimeshika kiuno, nimeshapanga la kwanza la kumwambia, nalo lilikuwa juu ya visiwa.

Koti likageuka. Mae. Kizibo cha soda mkononi, mifuko ya koti imevimba mbolea.

"Mae! Unafanya nini?"

"Nawalisha."

"Unawalisha nani?"

"Hawa wasiopewa."

Nikaona kumbe kweli alikuwa kwenye safu isiyo na kijiti, ametoboa ardhi kwa kidole kila shina, ametia, amefukia.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki mliyopanda. Nikimaliza hawa, narudi kwa wale. Hawa wangu walikuwa wadogo, nilichelewa nao siku chache, lakini wamewafikia wenzao." Akatabasamu, waitu jamani, akatabasamu kama mtu anayeonyesha wajukuu.

"Mae, hayo ni majani!"

"Najua ni majani. Mimi si mwehu. Lakini yamepandwa siku moja kwenye shamba moja la nyumba moja. Hawa wanakula na hawa wanawatazama? Nilishindwa."

Hapo nikapasuka. Mungu anisamehe, nilimpigia kelele mama wa mume wangu. Nikamwambia kuhusu wakubwa, kuhusu tofauti, kuhusu lori litakalotupita. "Umeniua! Ng'ombe yule ndiye angewalea wanangu nikishaondoka! Zilinyimwa kwa makusudi, Mae. Kwa makusudi!"

"Kwa makusudi," akasema polepole. "Kunyima kwa makusudi nakujua. Nakuona jikoni kila siku."

Ungesikia umande unavyodondoka.

Akajifuta mikono kwenye koti. "Nimezika watoto wanne, Petronila. Na wewe unapima mkono wako kila asubuhi, unadhani sioni? Ukienda, hawa watatu wananibakia mimi. Sijui kulea wawili huku nikimwangalia wa tatu. Sikufundishwa. Kwa mama yangu, chungu kikipakuliwa, wa mwisho kula ni mwenye mwiko."

Akaondoka. Koti likaingia kwenye ukungu, nikabaki na ndoo yangu.

Nina hasira naye. Nina hasira kweli, ameniharibia kitu pekee nilichokuwa nacho. Na nina aibu hadi kwenye nyayo. Sijui ipi nianze nayo. Mchana nimepika ebitoke, ndizi zetu, na maharage. Nimepakua kwa Siti kwanza, na mwiko ulikuwa mzito kama jembe. Aliangalia sahani, akaniangalia, akamsogezea Kamugisha. Alidhani nimemtuma ampelekee.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimekwenda kwa Pastory, nikapiga magoti uani nikamwomba radhi. Aliniacha nipige magoti kidogo, halafu akasema, "Inuka, shemeji. Nilikuwa nimeanza kuzoea. Kijiji hiki kina wezi wa kuku tele, mwizi wa mbolea ni mimi peke yangu." Amenipa mkungu wa ndizi nibebe.

Jumanne, 22 Novemba

Senene wameshuka! Asubuhi rweya nzima inaruka panzi hao wa kula. Watoto wote watatu wamekwenda na vikapu, hata Mae na koti lake. Zamani senene wa kwanza ni wa mume. Mke anawakaanga anampelekea, naye anajua zawadi ya kumpa mkewe. Nimekaa mbele ya kikaango nikiwaza: wangu ni wa nani sasa? Harufu ikanipeleka mbali, kwenye mwaka wa kwanza wa ndoa, kabla ya vita, Protase anakula akicheka, miguu imetulia.

Konzi ya kwanza nimempa mwenye macho yake. Ameipokea kwa mikono miwili. Amewala senene mmoja mmoja.

Jumatatu, 28 Novemba

Nimemweleza Maige ukweli wote. Alikaa kwenye kichuguu, akavua kofia. Nilitegemea angemkasirikia Mae. Akasema tu, "Bibi yangu naye angefanya hivyohivyo." Kisha akasema, "Siwezi kuwadanganya wakubwa, Mama Benigna. Wataona safu kumi na mbili sawasawa, na nitawaambia kwa nini. Wakisema mtamba aende kwingine, sitakuwa na la kujibu."

Alhamisi, 8 Desemba

Mvua ya mawe. Majani yamelala, yakainuka. Mimi nimelala, sijainuka mpaka saa nne. Homa kidogo. Siti ameniletea maji.

Jumatano, 14 Desemba

Wamekuja. Gari la mradi, mkubwa mmoja mwenye viatu vya mpira, Maige, na nusu ya Kishanda. Mabingobingo yalikuwa yamewapita watu vichwa. Mkubwa akatembea mbele, akatembea nyuma, akashika majani ya safu yenye kijiti na ya safu isiyo na kijiti. "Sioni tofauti," akasema.

Watu wakaanza kucheka. "Kumbe majani ni majani tu!" "Mbolea ya wazungu!" Nilihisi yule ng'ombe wangu mwekundu anageuka kule kwenye ukungu, ananipa mgongo.

Mae akatoka mbele na koti lake. Alisema kwa Kihaya, Pastory akatafsiri, na safari hii hakuongeza utani hata kidogo: "Msiilaumu mbolea. Zile mlizozinyima mimi nilizilisha. Mlaumuni bibi kizee." Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mkubwa naye alicheka, lakini akatikisa kichwa. "Bibi, nakuelewa. Lakini hawa watu nitawaonyesha nini? Mtu haamini asichokiona." Akageuka kuelekea kwenye gari.

Sijui kwa nini wakati ule nilimtafuta Siti. Katika miezi yote hii sikuwahi kumtafuta kwa macho. Nikamwona ng'ambo ya mtaro, nje ya kundi, amesimama peke yake mahali ambapo mimi mwenyewe nilimweka tangu siku ya kupanda. Na mbele ya miguu yake ilikuwapo safu yake.

Majani yake yalimfika magotini. Membamba, ya manjano, ncha zimeingia rangi ya zambarau kama midomo ya mtu mwenye baridi.

"Bwana Maige," nikasema. Hakunisikia. "Maige! Njoo huku!"

Wakaruka mtaro, wote. Wakasimama, wakaangalia safu ile, wakageuka kuangalia yale yaliyowapita vichwa hatua chache tu nyuma yao, wakaiangalia tena. Hakuna aliyecheka. Maige alivuta shina moja, likang'oka bila ubishi, mizizi yake kama uzi.

"Pingili zilezile?" mkubwa akauliza.

"Zilezile. Zilizobaki."

"Siku moja na hizo nyingine?"

"Siku moja."

"Na udongo ni huu huu. Nani alipanda?"

"Mtoto wangu," nikasema. "Anaitwa Siti."

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka. Mae, nyuma yangu, alikuwa anajilaumu kwa Kihaya, kwamba miguu yake haikumfikisha ng'ambo ya mtaro, kwamba ile ya mtoto hakuiona kwenye ukungu. Nikamwambia anyamaze. Kama asiyeiona ni yeye, mimi niliyeiona nikasema acha acheze, niseme nini?

Wanaume wamebaki pale hadi adhuhuri wakibishana na kushikashika majani. Pastory ameuliza mbele ya watu gunia linapatikana lini. Mtamba ni wetu. Nimeandika mara moja, naandika tena: mtamba ni wetu.

Mkubwa alipokuwa anaingia garini ameniagiza: safu ya mtoto isiguswe. Mwezi wa tatu wataleta wageni kutoka Bukoba na tarafa zote za Muleba waione kama ilivyo. "Hiyo ndiyo inayofundisha," amesema. Nimeitikia, "Ndiyo, ndugu."

Jumanne, 20 Desemba

Amefika kwa lori, amechoka na safari, mwekundu, mzito wa tumbo. Mae amempa jina Bihogo kwa ajili ya wekundu wake. Hakutoka kwenye ukungu, ametoka kwenye vumbi na moshi wa dizeli, amemkojolea Pastory mguuni. Nimelia sana. Watoto watatu wamekata majani, wamemlisha kwa zamu, na Bihogo hakuchagua ya nani ale kwanza.

Jumanne, 27 Desemba

Ukungu tena asubuhi hii. Vidole vyangu nimevizungusha kwenye kifundo cha mkono: vinakutana, vinapitana kidogo. Mae bado amelala. Nimechukua koti la Protase pale kwenye msumari nikalivaa. Mifukoni kulikuwa na mbolea bado, na kizibo.

Nimemwamsha Siti kwa kumgusa bega. Tumeruka mtaro, yeye kwanza. Nimemwonyesha jinsi ya kutoboa kwa kidole karibu na shina, si kwenye shina, kizibo kimoja, halafu ufukie. Ameanza upande ule, mimi upande huu. Tulipokutana katikati aliniuliza, "Wageni wakija?"

Nimemwambia wageni watakula ndizi na kunywa chai. Maige akija mwezi wa tatu, akaniuliza tofauti iko wapi, nitamwambia ilikuwepo.